Kuhama kwa Dharura na Kujiandaa na Maafa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na familia, vikundi vya majirani na walimu kuzungumzia jambo moja: tutatokaje salama siku mambo yakiharibika? Maswali ni yale yale kila ninapokwenda, na mengi yanaulizwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuita balaa. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Utaona narudia jambo moja: wengi hawakosi nguvu za kukimbia, wanakosa muda, na muda huo huliwa na ubishi, kutafuta funguo na kukusanya vitu. Ubishi huo umalizeni leo, mkiwa mmetulia.

Sina hela ya kununua vifaa. Nianzie wapi?

Anza na maneno, hayana gharama. Jioni moja kaeni wote mkubaliane mambo manne. La kwanza, kila chumba kina njia gani mbili za kutokea? Kama mlango hauwezekani, dirisha lipi linafunguka, na nani ana nguvu za kulifungua? La pili, mkitoka mnakutania wapi? Pataje kwa jina kabisa: mti fulani, geti fulani. Ukisema "nje" tu, mmoja atasimama mbele, mwingine nyuma, na baba atarudi ndani ya moto kumtafuta mtoto ambaye ametoka zamani. La tatu, nani anamchukua nani: mtoto mchanga ni wa nani, bibi anashikwa mkono na nani. La nne, namba mbili za simu ambazo kila mtu anazijua kwa kichwa, maana simu ikizima na majina yote yamezimikia humo.

Baada ya hapo fanyeni zoezi, na mlifanye usiku, taa zikiwa zimezimwa. Zoezi la mchana linadanganya. Mara ya kwanza tulipolifanya nyumbani kwangu, nilikuwa na uhakika tutatoka kwa dakika moja. Tulikwama mlangoni kwa dakika nne. Ufunguo wa kufuli la geti la chuma ulikuwa kwenye msumari nyuma ya pazia, mahali ambapo mimi ninapafikia bila kufikiri, lakini mwanangu mdogo alinyoosha mkono hadi akasimama kwa ncha za vidole na bado hakuufikia. Siku iliyofuata msumari ulishushwa mpaka kiuno cha mtoto. Kama nyumba yako ina nondo madirishani na makufuli milangoni, angalia jambo hili kabla ya kusoma jibu linalofuata. Kufuli linalozuia mwizi ndilo hilo hilo linalomfungia mtu ndani na moshi.

Nitajuaje kwamba wakati wa kuondoka umefika?

Mamlaka zikitoa amri ya kuhama, hama. Hilo halina mjadala. Lakini usifanye kuwa tangazo ndiyo ishara pekee unayoisubiri, kwa sababu tangazo linaweza kuchelewa au lisikufikie kabisa.

Mji wa Armero, nchini Colombia, ulifunikwa na tope la volkano usiku wa Novemba 13, 1985. Mlima Nevado del Ruiz ulilipuka, joto likayeyusha barafu kileleni, na tope likashuka mabondeni kwa zaidi ya saa mbili kabla ya kuufikia mji. Ramani ya hatari ilikuwa imeshachorwa, na majivu yalikuwa yameanza kuanguka mchana wake. Watu waliambiwa watulie. Zaidi ya 20,000 walikufa.

Sasa tazama kisiwa cha Simeulue, Indonesia, Desemba 26, 2004. Kipo karibu sana na kitovu cha tetemeko lililoleta tsunami ya Bahari ya Hindi, ambayo iliua zaidi ya watu 220,000 katika nchi nyingi. Watu wa Simeulue walikuwa makumi ya maelfu, na waliokufa kwa tsunami walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Hawakuwa na king'ora. Walikuwa na neno moja, *smong*, na masimulizi ya wazee kuhusu wimbi la mwaka 1907: ardhi ikitikisika sana kisha bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Wakakimbia.

Kwa hiyo jiwekee alama yako ya kuondokea kabla ya siku yenyewe. "Maji yakifika kwenye lile jiwe, tunatoka." "Nikinusa moshi wa moto wa msitu upepo ukivuma kuelekea kwetu, tunatoka." Kwenye miteremko, angalia nyufa mpya ardhini, miti na nguzo zinazoanza kuinama, au kijito kinachogeuka ghafla kuwa tope au kupungua maji wakati mvua inanyesha. Hizo ni dalili za maporomoko, na hazikupi muda mrefu.

Nimezaliwa hapa, maji hayajawahi kufika kwetu. Kwa nini nihame?

Swali hili huulizwa hasa na wazee, na ninawaheshimu, kwa sababu wanayajua mazingira yao kuliko mimi. Ila mito hubadilika. Miti ya juu hukatwa, mifereji huziba, nyumba hujengwa mahali maji yalikuwa yakipita. Mafuriko yanayokuja si lazima yafanane na yale uliyoyaona ujanani.

Nyuma ya swali hili mara nyingi kuna hofu nyingine: nyumba itaibiwa, mifugo itabaki na nani? Hofu hiyo ni ya haki na haistahili kubezwa. Bangladesh ilijifunza hili kwa uchungu. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Baada ya hapo walijenga vituo vya kujihifadhi, wakafundisha maelfu ya wanavijiji wanaojitolea kupita nyumba kwa nyumba kuonya, na wakainua vilima vya udongo kwa ajili ya mifugo ili mwenye ng'ombe asiwe na sababu ya kubaki. Kimbunga Amphan kilipokuja Mei 2020, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa, na vifo nchini humo vilihesabiwa kwa makumi. Ukitaka jirani yako ahame, muulize kwanza anachoogopa kukiacha, kisha msaidie kupata jibu.

Begi la dharura liwe na nini?

Begi ni la mtu kubeba mgongoni akitembea kwa mwendo wa haraka. Ukishindwa kupanda nalo ngazi, limezidi. Mimi huanza na vitu ambavyo huwezi kuvipata kwa mtu mwingine: dawa unazotumia kila siku za wiki moja angalau, miwani ya akiba, vifaa vya kusikia na betri zake, maziwa ya mtoto kama hanyonyi. Halafu maji, chakula kisichohitaji kupikwa, tochi (si ya simu, simu unaihitaji), redio ndogo ya betri, chaja ya akiba iliyojaa, filimbi, kisu kidogo, bandeji na dawa ya kusafishia vidonda, taulo za kike, sabuni, nguo moja ya joto na kitu cha kuzuia mvua. Weka na fedha taslimu za noti ndogo ndogo. Umeme ukikatika, malipo ya simu na kadi hayana kazi, na asiye na chenji hatakurudishia.

Viatu visikae kwenye begi. Viweke chini ya kitanda, vile vyenye soli ngumu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Baada ya tetemeko sakafu huwa imejaa vioo, na mtu aliyekatika unyayo hatua ya pili hawezi kumbeba mtoto.

Na vyeti na hati?

Nakala za kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati ya nyumba au kiwanja, bima na orodha ya dawa ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwenye begi. Zipige picha pia uzihifadhi kwenye mtandao mahali unapoweza kuzifikia kwa simu nyingine. Na weka picha ya karibuni ya kila mtoto mkiwa pamoja, kwa ajili ya kumtafuta na kuthibitisha kuwa ni wako.

Niweke maji kiasi gani, na nikiishiwa nifanyeje?

Hesabu lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa na usafi mdogo, kwa siku tatu angalau. Mkibaki nyumbani, akiba ya wiki mbili ni bora zaidi. Anayenyonyesha, mgonjwa na anayeishi kwenye joto kali wanahitaji zaidi.

Maji ya mashaka yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Kisha yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Huna moto? Klorini ya maji ya kufulia nguo, isiyo na harufu ya manukato wala rangi, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa lita moja ya maji yanayoonekana safi, matone 4 kama yana ukungu. Koroga, subiri dakika 30, halafu nusa. Harufu hafifu ya klorini inapaswa kuwepo. Huna hata klorini? Jaza maji yaliyochujwa kwenye chupa za plastiki zinazoonyesha, uzilaze juani saa 6 kukiwa na jua kali, au siku mbili mfululizo mawingu yakiwa mengi. Njia zote hizi huua vijidudu. Haziondoi mafuta, dawa za kilimo wala kemikali. Maji yenye harufu ya petroli yaache.

Kambini kuhara huja haraka. Kumbuka kipimo hiki: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Mpe mgonjwa kidogo kidogo wakati mkitafuta matibabu.

Moto ukitokea usiku tumelala?

Moshi huua kabla ya miali. Shuka chini utambae, hewa inayovutika iko karibu na sakafu. Ukifika mlangoni usiushike kitasa ovyo. Pandisha mgongo wa mkono wako taratibu juu ya ubao wa mlango, kutoka chini kwenda juu, kisha kwenye kitasa. Kwa nini mgongo wa mkono? Ngozi yake inahisi joto upesi, na ukiungua, kiganja chako bado kinaweza kufungua dirisha. Mlango ukiwa wa moto, usiufungue. Ziba nafasi ya chini kwa nguo, zilizolowa kama maji yapo, nenda dirishani, tikisa kitambaa chenye rangi inayoonekana.

Ukitoka, funga kila mlango nyuma yako. Mlango uliofungwa unaweza kuzuia moto na moshi kwa dakika kadhaa, na dakika hizo ni za yule aliyebaki ndani. Ndiyo maana pia nawaomba wazazi walale na milango ya vyumba imefungwa, na waweke king'ora cha moshi kila ghorofa.

Nguo ikishika moto: simama, lala chini, bingirika, uso umefunikwa kwa mikono. Mafuta yakiwaka kwenye sufuria, zima jiko na funika kwa mfuniko. Maji juu ya mafuta yanayowaka hulipua moto mpaka darini.

Naweza kurudi ndani kuchukua kitu kimoja tu?

Hapana. Januari 2, 2024 ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege nyingine kwenye njia ya kurukia ya uwanja wa Haneda, Tokyo, ikawaka moto. Watu wote 379 waliokuwa ndani yake walitoka hai. Mizigo yao iliteketea kwa sababu waliiacha. Kila begi linaloshushwa linamzuia mtu aliye nyuma. Na wewe unayerudi ndani huendi peke yako: zimamoto atalazimika kukufuata.

Tetemeko likianza, nikimbie nje?

Ukiwa ndani ya jengo, usikimbie. Watu wengi huumia wakikimbia, kwa vioo, matofali na vigae vinavyoanguka karibu na kuta na milango. Piga magoti, ingia chini ya meza imara, shika mguu wa meza kwa mkono mmoja na shingo kwa mwingine, nayo ikisogea, sogea nayo. Hakuna meza? Jikunje kando ya ukuta wa ndani, mbali na madirisha na kabati. Uko kitandani, baki hapo, funika kichwa kwa mto. Lile somo la kusimama kwenye fremu ya mlango ni la zamani. Milango ya nyumba za leo si imara kuliko ukuta wenyewe, na mlango wenyewe unaweza kukubamiza.

Jengo la udongo usioimarishwa ni suala jingine. Kama uko hatua mbili tatu kutoka mlangoni na nje ni uwanja wazi, kutoka kunaweza kuwa sahihi.

Mtikisiko ukiisha, toka kwa utulivu ukitegemea mingine kufuata. Uko pwani na ulitikisika kwa muda mrefu au kwa nguvu? Panda juu mara moja, kwa miguu kama barabara zimeziba, usisubiri kutangaziwa. Wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote, na mawimbi huendelea kwa saa nyingi. Wengi hufa kwa kushuka mapema.

Tukiwa tumetawanyika, niende kwanza shuleni kuchukua watoto?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na ninalijibu nikiwa mzazi. Pwani ya kaskazini mashariki mwa Japani kuna msemo, *tendenko*, unaomtaka kila mtu akimbilie juu peke yake bila kusubiriana. Ukiusikia mara ya kwanza unaona ni ukatili. Lakini unafanya kazi kwa sababu ya makubaliano yaliyotangulia: mama ana uhakika mtoto ameshakimbia, na mtoto ana uhakika mama hatakuja kumtafuta bondeni. Machi 11, 2011, wanafunzi wa mji wa Kamaishi waliofundishwa hivyo walikimbilia mlimani, wakubwa wakiwashika wadogo mikono, na karibu wote wakaokoka.

Kwa hiyo nenda shuleni leo. Uliza mpango wao ni upi, watoto watapelekwa wapi, na nani anaruhusiwa kuwachukua. Ukiuamini mpango huo, utaweza kuufuata. Usipouamini, sema sasa.

Maji yamefunika barabara. Naweza kupita?

Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulisogeza gari dogo, na 60 hubeba magari mengi, hata yale makubwa unayoyaamini. Tena huoni chini: barabara yenyewe inaweza kuwa imekatika. Geuza.

Gari likishaingia majini, usipige simu kwanza. Fungua mkanda, shusha kioo cha pembeni, toa watoto, toka. Fanya hivyo ndani ya dakika ya kwanza, kabla maji hayajafika kwenye vioo. Kioo kikigoma, kipige pembeni kwenye kona kwa kitu chenye ncha ngumu; kioo cha mbele usikihangaikie.

Nizime umeme na gesi kabla ya kuondoka?

Kama una muda na unasimama pakavu, ndiyo: swichi kuu ya umeme, na vali ya mtungi au bomba la gesi. Ukinusa gesi, usiwashe wala usizime swichi yoyote, usipige simu ukiwa ndani. Fungua madirisha unayopita na utoke. Waya ulioanguka kaa mbali nao mita 10 au zaidi, hata kama unaonekana umekufa.

Simu haishiki. Tutawasilianaje?

Tuma ujumbe mfupi. Unahitaji nafasi ndogo ya mtandao na hujipenyeza pale ambapo sauti haipiti. Chagueni ndugu mmoja anayeishi mbali, kila mtu ampelekee yeye ujumbe: nani, yuko wapi, hali yake. Mistari ya eneo la maafa ikijaa, ya mbali mara nyingi hufunguka. Ukiondoka nyumbani, bandika karatasi mlangoni ndani kuonyesha mmeelekea wapi.

Bibi hawezi kutembea, na jirani yangu haoni.

Jina la mtu kama huyu liwe kwenye mpango wa nyumba mbili, si moja. Muulize mwenyewe anavyotaka kusaidiwa. Yeye ndiye mtaalamu wa mwili wake. Asiyeona hushika kiwiko chako akatembea nusu hatua nyuma yako, usimsukume wala kumvuta. Asiyesikia mguse, mwonyeshe taa. Bibi anayebebwa kwa kiti imara na watu wawili hushuka ngazi salama kuliko anayebebwa mgongoni na mmoja aliyechoka, na jambo hilo linajulikana siku ya mazoezi. Anayehitaji muda zaidi ndiye aanze kuondoka, mapema kabisa. Anayetegemea mashine ya umeme au insulini, ongea na daktari wake sasa kuhusu akiba na ubaridi.

Na wanyama?

Ondoka nao kama inawezekana, na ujue mapema kituo kipi kinawapokea. Kama haiwezekani, wafungue. Usimwache mnyama amefungwa kamba au ndani ya zizi lililofungwa.

Nikinaswa chini ya kifusi?

Funika pua na mdomo. Usiwashe kiberiti. Gonga bomba au ukuta mara tatu, pumzika, gonga tena, au piga filimbi. Kupiga kelele kuwe kwa mwisho, kunakuingiza vumbi na kukumalizia nguvu.

Umeme umekatika siku nyingi. Jenereta naweza kuiweka barazani?

Tafadhali usifanye hivyo. Jenereta, jiko la mkaa na chochote kinachounguza mafuta hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husinzia, basi. Familia zimeokoka kwenye kimbunga zikafia ndani siku mbili baadaye. Jenereta ikae nje kabisa, mita 6 au zaidi kutoka dirisha au mlango wowote, moshi ukielekezwa kwingine. Mkaa usiletwe ndani hata kwa kujipasha joto, hata dirisha likiwa wazi.

Chakula cha friji isiyofunguliwa ni salama kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa huhimili saa 48, iliyojaa nusu 24.

Tunaweza kurudi nyumbani lini?

Mamlaka zikiruhusu, na mchana. Kabla ya kuingia zunguka nyumba: msingi umepasuka? kuta zimeinama? kuna harufu ya gesi? Tumia tochi, si mshumaa. Vaa viatu vya kufunika na glavu, pekua kwa fimbo kabla ya kutia mkono, kwa kuwa nyoka nao walitafuta pakavu. Tope la mafuriko lina maji ya choo ndani yake. Chakula kilichoguswa na maji hayo kitupwe. Piga picha za uharibifu kabla hujasafisha, kisha fungua madirisha na toa magodoro na mazulia haraka. Ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Umeme usiwashe mpaka fundi aukague.

Begi nilikague mara ngapi?

Kila miezi sita. Angalia tarehe za dawa na chakula, badilisha maji, jaribu tochi, chaji chaja ya akiba, na mpime mtoto ile nguo ya joto, maana atakuwa ameshakua.